Kontena au tofali? Soma hii kabla hujalipia nyumba ya shambani Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikianza tu, Oktoba hivi, simu za ndugu walioko Dar zinaanza, na swali ni lile lile, eti ninunue nyumba ya kontena niishushe shambani nihamie au nijenge mdogo mdogo. Mi huwa nauliza kwanza njia ya kufika kwako ikoje, maana wengi wameanza na picha, wameona kioo kikubwa mbele na baraza la mbao, wakasahau kwamba lile lidude lazima litoke lami liingie porini.

Binamu yangu alileta la futi 40 shambani kwake upande wa Tandahimba. Kwenye lami lilikuja vizuri tu, kuingia njia ya vumbi matawi ya mikorosho yamekutana juu kama paa, na ilikuwa Agosti, mikorosho ina maua, hiyo ni hela ya mtu inaning'inia. Mzee mwenye miti akatoka na kigoda chake akakaa pembeni akasema kateni tu wajukuu zangu, mi nipo nahesabu. Kreni inalipwa kwa siku, dereva ana haraka, mwishowe likashushwa karibu na ofisi ya kijiji likakaa miezi mitatu, mbuzi wakapata kivuli. Alilipia matawi baada ya mavuno, na kreni mara ya pili.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata shilingi, tafuta ufito wa mita 4 na nusu, tembea nao umesimama wima kutoka lami hadi kiwanjani. Kontena likiwa juu ya trela linapita mita 4 kwenda juu, na la futi 40 lina urefu wa mita 12 na kidogo, kona za njia zetu zile za kuzunguka mbuyu halikati. La futi 20 ni mita 6, lina nafuu, likiwa tupu ni kama tani 2 na robo. Ufito ukigusa tawi, ongea na mwenye mti mapema, tena nje ya msimu wa maua.

Ndani nako upana ni mita 2.35. Weka kitanda cha sita kwa sita, unabaki na nusu mita ya kupita, na hapo bado hujaweka kuta za ndani za kuzuia joto, ambazo huwezi kuzikwepa kwa jua hili, ukuta wa chuma saa nane mchana haushikiki. Ukiwa pwani, Msimbati au Kilwa huko, chumvi inakula chuma, lazima kupaka rangi ya kuzuia kutu kila mara.

Kuna zile za paneli, bati mbili katikati povu, hizo zinakuja zimelazwa kwenye Fuso halafu mafundi wanaziunga pale pale, shida ya matawi inapungua. Ila msingi na jamvi, yaani sakafu ya zege, unajenga mwenyewe kama kawaida, na jiko liwe nje kabisa, lile povu jeupe la bei chee likishika moto halina mswalie mtume. Halafu jiulize paneli ikibonyea nani atatengeneza. Spea ikitoka Dar ujue na barabara ina siku zake, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya ilikatika upande wa Kilwa, magari yakalala njiani.

Mi kontena nalikubali mahali pawili tu: ardhi ya kukodi, maana mkataba ukiisha unabeba chako, na kama unataka stoo ya simenti na pa kulala mlinzi wakati unajenga, baadaye ukalifanya duka.

Vinginevyo jenga. Hela ya korosho inakuja kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, na nyumba ya tofali inakubali kulipwa hivyo hivyo, mwaka huu boma, yaani kuta tupu, mwakani bati. Ratiba yangu iko hivi, Novemba hela imeingia unanunua mchanga na simenti kabla njia haijaharibika, simenti ipange juu ya chaga isiguse sakafu wala ukuta. Mvua zikianza Desemba unafyatua, kwa sababu tofali linataka kumwagiliwa wiki nzima na maji juu huku Newala kiangazi unanunua kwa ndoo. Mfuko wa kilo 50 usizidishe tofali 35 za inchi 6, fundi akikwambia anatoa 50 mwache akamjengee mwingine. Mvua zikikata Mei unachimba msingi, unapandisha, unafunga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, na kenchi na bati viwe juu kabla ya Novemba nyingine. Mchanga wa baharini usiuguse kwenye zege, chumvi yake inaozesha nondo. Simenti yenyewe si ya kusubiri kutoka mbali, kiwanda cha Dangote kipo hapa hapa Mtwara tangu 2015. Dawa ya mchwa mwaga kwenye msingi kabla ya jamvi, siyo baada. Na bati likishapanda weka gata na tenki papo hapo.

Sasa ardhi, maana nyumba ya kontena au ya tofali zote zinakaa juu yake. Kama si mwanakijiji unaomba kwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji unaridhia, ndivyo ilivyo kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na unachopata ni hati ya hakimiliki ya kimila. Karatasi ya mwenyekiti peke yake na mashahidi wawili isikupe usingizi. Na huku kwetu, kwa Wamakonde na Wamwera, ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo baba akikuuzia shamba uliza mjomba yuko wapi. Awepo siku ya kupima, ashike kamba mwenyewe, na kila mkorosho ulioko ndani uandikwe idadi yake na kama umeuzwa pamoja na ardhi au bado una mwenyewe.