Somo: Lini unaweza kwenda Banjul bila kumaliza mahakama za nyumbani

Juzi barazani Mkomani mzee mmoja, ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na watu wenye bunduki, aliniuliza: "Mwanangu, sharti nipande mpaka Mahakama ya Juu ndipo Tume ya Afrika inisikize?" Si lazima. Tume hiyo, ya Haki za Binadamu na Watu, ipo Banjul, Gambia. Lakini kuruka ngazi kuna kazi yake.

1. Soma Kifungu cha 56(5) cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kinataka umalize njia za nchini, "kama zipo", ila ikiwa wazi kwamba zinaburuzwa kupita kiasi. Katika kesi ya Jawara dhidi ya Gambia (2000), Tume ilisema njia ipo pale unapoweza kuifuata bila kizuizi, ina tamaa ya kufaulu, na inaweza kuliondoa dhara.

2. Taja kizuizi chako hasa. Kiongozi mmoja wa wanafunzi Nairobi aliwekwa miezi 10 kizuizini bila kesi, kisha akakimbia nchi. Tume ilimpokea, kwani mkimbizi hawezi kurudi kushtaki wanaomwinda. Katika Nigeria ya utawala wa wanajeshi, amri za serikali zenyewe ziliwanyang'anya majaji mamlaka.

3. Kusanya karatasi. Hapa ndipo wengi huzama. "Mahakama zetu hazina haki" ni maneno ya baraza. Weka namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Ukinyimwa, andika papo hapo siku, saa, kituo na uliyekuwa naye. Weka fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari kuhusu majeraha), nakala za barua zenye muhuri wa kupokelewa, na kila tarehe kesi ilipoahirishwa na nani aliomba. Tia vyote kwenye plastiki. Chumvi ya Lamu haina huruma na karatasi.

4. Andika mapema, kwa jina lako. Unaweza kuomba serikali isilijue.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kesi yangu Malindi ina miaka sita. Inatosha?*
Miaka peke yake haitoshi, dada. Kama ni wakili wako aliyekuwa akiomba kuahirisha, mzigo ni wako. Kama ni upande wa serikali, orodhesha.

*Na sisi tusio na pesa?*
Katika Purohit na Moore dhidi ya Gambia (2003), Tume ilikubali kwamba njia ya matajiri pekee si njia. Ila Kenya, Katiba kifungu cha 22 chafungua ombi la haki bila ada, na mtu mwingine aweza kukushtakia. Watakuuliza kwa nini hukujaribu.

*Kaka, si ni rahisi kwenda Arusha?*
Arusha kuna mahakama mbili, usizichanganye. Ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Kenya haijatoa tamko la kuruhusu raia kuingia moja kwa moja. Ile ya Afrika Mashariki haidai umalize njia za nyumbani, lakini ina miezi miwili tu tangu tukio au tangu ulipolijua. Kesi ya mateso ya Mlima Elgon ilianguka huko 2012 kwa kuchelewa. Lako lilitokea tarehe ngapi?