Somo: Kutunza tanga na kulishona likichanika

Tanga huanza kufa kwenye uzi wa mshono, kitambaa hufuata baadaye. Naomba tulishike hilo kabla hatujagusa sindano, maana wengi hungoja mpaka wasikie "chraaa" upepo umekaza ndipo wakumbuke kulikagua. Kitambaa cha poliesta ni kigumu, uzi hauzami ndani yake kama unavyozama kwenye pamba. Unakaa juujuu, jua linaupiga, kamba na mlingoti vinausugua. Kitambaa kinaweza kuwa bado kina nguvu huku uzi wake umekwisha.

Hatua ya 1: Osha, anika

Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi ikikauka huwa chembe ngumu zinazokwaruza nyuzi, tena huvuta unyevu, kwa hiyo tanga halikauki sawasawa. Lianike kivulini. Usilitweke likaushwe na upepo. Kule kupigapiga kunalichosha kuliko safari.

Hatua ya 2: Kagua

Litandaze mahali safi, upige magoti. Pitisha ncha ya sindano chini ya mshono, uinue uzi kidogo. Uzi mzima unakataa. Uliokufa unakatika papo hapo, wala husikii kitu mkononi. Angalia zaidi pembe, pindo, na pale panapogusana na mlingoti au kamba. Mshono uliofumuka urudie kwa kupita kwenye matundu yaleyale ya zamani. Ukitoboa mapya pembeni unakidhoofisha kitambaa.

Hatua ya 3: Kata kiraka

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Juzi nililetewa tanga kuukuu lililotiwa kiraka cha turubai nene. Kiraka kilikuwa kizima kabisa, kama kilivyotoka dukani. Tanga lilikuwa limechanika upya kukizunguka pande tatu, likining'inia kama mlango. Aliyelishona alidhani uzito ndio uimara. Kiraka kisichonyumbuka hupeleka mzigo wote ukingoni mwake, na ukingo wenyewe ni kitambaa kilichokwisha kuchoka.

Kwa hiyo tafuta kitambaa cha aina ileile, uzito uleule au chepesi kidogo. Hata kipande cha tanga la zamani ambalo bado lina nguvu kinafaa sana. Kilaze mtande (nyuzi za urefu wa kitambaa) juu ya mtande, mshindio (nyuzi za upana) juu ya mshindio. Kikikaa hanamu kitavutika tofauti na tanga na kuleta mikunjo. Kipite mpasuko kwa sentimita 5 hivi kila upande, na pembe zake uzikate mviringo. Poliesta na nailoni zikatwe kwa kisu cha moto ili kingo zisichambuke. Pamba ikunjwe pindo.

Hatua ya 4: Shona

Anza kwa kuunganisha midomo ya mpasuko, ikutane bila kupandana. Kisha shikiza kiraka kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, ndipo ushone kukizunguka. Tumia uzi wa poliesta uliopakwa nta, na kinga ya ngozi kiganjani ya kusukumia sindano. Usifunge fundo, acha mkia wa uzi, uushonee chini ya mishono inayofuata. Kaza kiasi. Kitambaa kikikunjamana, fumua urudie.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Nikiwa katikati ya maji sina muda wa kushona, gundi peke yake haitoshi?*

Marahaba. Kwanza tua tanga, mpasuko mdogo ukiachwa kwenye upepo haubaki mdogo. Utepe wa kubandikia matanga utakufikisha, mradi pawe pamefutwa chumvi na kukauka, na ubandike pande zote mbili. Ila karibu na pembe au pindo usiutegemee, nguvu ya pale ni kubwa. Ukifika nchi kavu, shona.

*Langu lina madoa meusi ya ukungu. Naweza kutia dawa ya klorini?*

Kama ni nailoni, usithubutu dada yangu, klorini inaiharibu. Poliesta huivumilia ikizimuliwa sana na kusuuzwa vizuri, lakini anza na sabuni laini na brashi laini. Doa likibaki, liache. Poliesta haiozi kwa ukungu. Tanga la pamba ndilo la kuhofia, hilo ukungu hulila hasa, usilikunje likiwa na unyevu hata siku moja.

*Nalikunja vizuri kila siku kwa mistari ileile, mbona linapasuka kwenye mikunjo?*

Ni kwa sababu ya mistari ileile. Badilisha kila mara, au livingirishe. Na likikaa nje lifunike, jua halichagui tanga lililotwekwa na lililofungwa.

*Nitajuaje kwamba limekwisha, kushona ni kazi bure?*

Shika mahali palipopigwa sana na jua kwa vidole gumba viwili, uvute. Kikichanika kitambaa chenyewe, au kikifuata mstari wa matundu ya sindano bila kukupa kazi, usitie kiraka tena. Kata sehemu zilizo nzima, uziweke ziwe viraka vya tanga litakalofuata.