Shinikizo la awali la udongo: kutafuta pale grafu inapopinda zaidi bila kudanganywa na karatasi

Chukua matokeo ya kipimo kimoja cha mgandamizo wa udongo, uwape watu wawili wachore grafu, kila mmoja kwa skeli yake. Waulize shinikizo la awali, yaani mzigo mkubwa ambao udongo ulikwisha kuuzoea: mmoja atakuletea kPa (kilopaskali) 248, mwingine kPa 195. Wote wawili wamefuata njia ileile na hakuna aliyekosea hesabu. Mwongozo huu unaonyesha tofauti hiyo inatoka wapi na namna ya kuidhibiti, tangu sampuli inapoingia kwenye pete hadi namba inapoingia kwenye ripoti ya msingi wa jengo.

Njia yenyewe ni ya mhandisi wa udongo Arthur Casagrande, ya mwaka 1936. Unachora uwiano wa uwazi wa udongo (e), yaani ujazo wa nafasi tupu kwa ujazo wa chembe, dhidi ya logi ya shinikizo. Mwanzoni mstari unashuka polepole, kwa sababu udongo unabeba mzigo ambao ulikwisha kuuzoea. Kisha unapinda na kuanza kuporomoka. Casagrande alisema: tafuta nukta yenye mpindo mkubwa kuliko zote, uanzie hapo kuchora. Hiyo "nukta yenye mpindo mkubwa" ndiyo kiini cha shida yetu.

Hatua ya 1: Sampuli

Kwa udongo mwekundu wa magharibi na kaskazini mwa jiji la Nairobi, chimba shimo la mkono na ukate bonge zima. Acha bomba la kugongelea kama unaweza. Sampuli iliyotikiswa huwa na grafu iliyolegea: kona inakuwa mviringo, na shinikizo unalosoma linashuka chini ya lile la kweli. Funga bonge kwa plastiki na nta palepale shimoni. Lisianikwe juani hata saa moja.

Pete ya kipenyo cha mm 75 na kimo cha mm 20 inatosha. Paka grisi nyembamba upande wa ndani, uisukume huku ukipunguza udongo wa pembeni kwa kisu. Jiwe dogo likichomoka na kuacha shimo, usilizibe kwa matope. Kata sampuli nyingine.

Hatua ya 2: Kupakia

Eneo la pete hiyo ni mm² 4,418. Kwa mashine yenye wenzo wa 10 kwa 1, kPa 100 ni kilo 4.5 kwenye kining'inio, na kPa 1,600 ni kilo 72. Pakia kwa kuongeza maradufu: 12.5, 25, 50, 100, 200, 400, 800, 1,600. Kila mzigo ukae saa 24.

Saa 24 ni saa 24. Mzigo uliowekwa Jumamosi asubuhi na kusomwa Jumatatu umekaa saa 48, na udongo umeendelea kutambaa taratibu muda wote huo. Nukta hiyo itashuka kuliko wenzake na kutengeneza kona ambayo haimo kwenye udongo. Panga siku za kuanza ili mizigo ya kPa 100 hadi 400 isiangukie wikendi, au mtu apewe zamu ya Jumapili. Ukitegemea kompyuta kurekodi, kumbuka stima hupotea: andika usomaji wa geji kwa mkono pia, asubuhi na jioni.

Kabla ya yote, weka kipande cha chuma mahali pa sampuli, upakie mizigo ileile, na uandike mashine yenyewe inajikunja kiasi gani. Utatoa kiasi hicho kwenye kila usomaji. Usidharau: kwenye sampuli ya mfano hapa chini, kosa la mm 0.04 linabadilisha e kwa karibu 0.005.

Hatua ya 3: Uwiano wa uwazi

Mwisho wa kipimo kausha sampuli na uipime. Tuseme gramu 98.6, na uzito linganishi wa chembe ni 2.70. Kimo cha chembe tupu ni

98.6 ÷ (44.18 × 2.70) = sm 0.827, yaani mm 8.27.

Kwa kila mzigo, e = (kimo cha sampuli ÷ kimo cha chembe) − 1. Mwanzo: 20 ÷ 8.27 − 1 = 1.42.

Udongo mwekundu una mtego hapa. Una madini ya haloisaiti, ambayo hushika maji ndani ya muundo wake na kuyaachia kwenye joto la oveni. Bwawa la Sasumua, linaloipa Nairobi maji, lilijengwa kwa udongo wa namna hii, na Karl Terzaghi, mwasisi wa mekanika ya udongo, aliuandikia makala mwaka 1958 kwa sababu tabia zake hazikufuata kawaida. Kausha vipande viwili, kimoja kwa nyuzi 105 na kingine kwa nyuzi 50 hadi uzito usibadilike. Zikitofautiana sana, taja kwenye ripoti umetumia ipi.

Hatua ya 4: Lahajedwali

Hizi ni namba za mfano:

| Shinikizo (kPa) | e |
|---|---|
| 12.5 | 1.410 |
| 25 | 1.402 |
| 50 | 1.390 |
| 100 | 1.370 |
| 200 | 1.322 |
| 400 | 1.222 |
| 800 | 1.098 |
| 1,600 | 0.972 |

Weka shinikizo safu A na e safu B, kuanzia mstari wa 2. Safu C ni logi: `=LOG10(A2)`. Kuanzia mstari wa 3 hadi wa pili kutoka mwisho:

- D, mteremko: `=(B4-B2)/(C4-C2)`
- E, badiliko la mteremko: `=(B4-2*B3+B2)/(C3-C2)^2`
- F, mpindo: `=ABS($H$1*E3)/(1+($H$1*D3)^2)^1.5`

Seli H1 ni skeli ya karatasi. Anza na 1.

Usiiamini lahajedwali yako kabla hujaijaribu kwa kitu chenye jibu linalojulikana. Mpindo wa y = ln x hufikia kilele pale x = 0.707, na thamani yake ni 0.385. Weka kwenye safu C namba 0.3 hadi 1.5 kwa kuruka 0.1, na B iwe `=LN(C2)`. Kilele kikitokea mstari wa 0.7 kikiwa na takriban 0.38, fomula ziko sawa. Kikitokea kwingine, kwa kawaida ni mabano ya kipeo 1.5.

Ukiongeza mizigo ya katikati, mathalani 150 na 300, nafasi za logi hazilingani tena na fomula ya E inaharibika kimyakimya. Badala yake tumia `=2*((B4-B3)/(C4-C3)-(B3-B2)/(C3-C2))/(C4-C2)`. Mizigo hiyo ya katikati inafaa sana, kwa sababu kuongeza maradufu kunaacha pengo kubwa palepale kona ilipo.

Hatua ya 5: Skeli

H1 ikiwa 1, mpindo unakuwa hivi: kwa kPa 100 ni 0.303; kwa kPa 200 ni 0.526; kwa kPa 400 ni 0.218. Kilele kiko 200.

Sasa chora kama watu wanavyochora kwenye karatasi: mzunguko mmoja wa logi (shinikizo likiongezeka mara kumi) ni mm 100, na e ya 0.1 ni mm 50. Mhimili wa wima umevutwa mara tano kuliko wa mlalo, kwa hiyo H1 ni 5. Mpindo: kwa kPa 100 ni 1.020; kwa kPa 200 ni 0.721; kwa kPa 400 ni 0.141. Kilele kimehamia 100.

Udongo haukubadilika, karatasi ndiyo iliyobadilika. Fomula ya mpindo inajumlisha 1 na mraba wa mteremko, kana kwamba mihimili yote miwili inapima kitu kimoja. Kwenye kona ya barabara, mita iko huku na mita iko kule, kwa hiyo mpindo mkubwa ni kitu halisi: ni pale nusu kipenyo ni kidogo na gari linasukumwa nje zaidi. Kwenye boriti, mpindo mkubwa uko pale momenti ikigawanywa kwa ugumu wa boriti ni kubwa zaidi. Lakini e na logi ya shinikizo hazina kipimo cha pamoja, kwa hiyo sehemu ya jibu inachaguliwa na mchoraji.

Watafiti wa kilimo wana ugonjwa huohuo wanapotafuta ukubwa wa ploti ya majaribio kwa mpindo mkubwa wa y = a·x^(−b), ambapo y ni mtawanyiko wa mavuno na x ni ukubwa wa ploti kwa vipimo vya msingi. Jibu ni x = [a²b²(2b+1)/(b+2)]^(1/(2b+2)). Kwa b = 0.5, a ikiandikwa kwa asilimia, 20, unapata ploti ya vipimo 4.3. Ukiandika 0.20 unapata 0.2. Shamba ni lilelile.

Kwa hiyo amua skeli moja ya maabara, iandike, na usiibadilishe kati ya sampuli na sampuli.

Hatua ya 6: Kuchora

Kutoka kwenye nukta ya kilele chora mstari wa mlalo na tanjenti, kisha gawa pembe kati yao katikati. Refusha nyuma sehemu ya chini iliyonyooka ya grafu. Hapa mteremko wake ni 0.126 ÷ 0.301 = 0.419. Mistari hii inapokutana ndiyo shinikizo la awali.

Kwa H1 = 1, kuanzia nukta ya 200: kPa 248. Kwa H1 = 5, kuanzia nukta ya 100: kPa 195. Angalia pia kwamba pembe inagawanywa kwenye karatasi. Kugawa mteremko kwa mbili si sawa na kugawa pembe kwa mbili, hasa mhimili ukivutwa.

Tofauti hiyo ina bei. Chukua tabaka la mita 2 lililobeba kPa 50, na jengo linalofikisha kPa 220. Ukiamini 248, tabaka litashuka kama mm 36. Ukiamini 195, mm 51.

Hatua ya 7: Hakiki kwa njia isiyojali skeli

Njia nyingine ya kutafuta shinikizo la awali, ya Pacheco Silva, haitumii mpindo kabisa. Chora mlalo kwenye e ya mwanzo, 1.42. Refusha sehemu iliyonyooka hadi ikutane nao, hapa kama kPa 136. Shuka wima hadi kwenye grafu yenyewe, e ikiwa takriban 1.353, kisha nenda mlalo hadi kwenye mstari ulionyooka. Unapata kPa 197 hivi. Ukinyoosha mhimili wowote jibu halisogei, kwa sababu hakuna pembe inayogawanywa. Udhaifu wake ni kwamba inategemea e ya mwanzo: sampuli ikiwa imekauka kidogo au imevimba kabla ya kuanza, kosa linaingia moja kwa moja.

Njia mbili zikitofautiana zaidi ya asilimia 15, usichukue wastani. Rudi kwenye daftari la usomaji kwanza. Mara nyingi utakuta mzigo wa wikendi, au mkunjo wa mashine ambao haukutolewa.

Udongo wa Nairobi na maana ya namba

Udongo mweusi wa Embakasi na South C, ambao mafundi huuita blaki kotoni, huvimba ukimwagiwa maji chini ya mzigo mdogo. Usipoangalia, e itapanda juu ya mwanzo na grafu yako itaanza na nundu. Mwaga maji ukiwa tayari na vipande vidogo vya uzito, uongeze hadi mshale wa geji utulie, na uanzie kupakia hapo. Shinikizo hilo la kuzuia uvimbe andika peke yake, maana mhandisi wa msingi atalihitaji kuliko hata jibu la Casagrande.

Udongo mwekundu nao ulitokana na mwamba wa volkano uliooza palepale. Kona ya grafu yake inaonyesha pale vifungo kati ya chembe vinapokatika, na haisemi kwamba zamani palikuwa na mlima wa udongo juu yake. Kwenye ripoti liite shinikizo la kukatika kwa vifungo, na usilitumie kukadiria historia ya eneo. Vifungo hivyo hutofautiana hata ndani ya ploti moja, kwa hiyo sampuli moja kwa jengo zima haitoshi.

Kwenye ukurasa wa matokeo andika shinikizo ulilopata, njia, thamani ya H1, muda wa kila mzigo na joto la kukaushia. Bandika jedwali lote la e. Mtu mwingine akitaka kuchora kwa skeli yake, awe na namba za kuchorea.