Namna ya kuchora wanawake wakisoma nyumbani

Michoro ya Ulaya ya karne ya 19 inayoonyesha wanawake wakisoma nyumbani hupenda mpango mmoja: huyu ameshika kitabu, yule ameshika sindano. Mchoraji Mfaransa Henri Fantin-Latour aliwachora hivyo dada zake wawili mwaka 1859, mmoja anasoma, mwenziwe anadarizi. Mwaka mmoja kabla, upande wetu huu wa pwani, mshairi Mwana Kupona alimtungia bintiye wosia wake kwa utenzi, nao husomwa vivyo hivyo: anasoma mmoja, wengine wanasikiliza na mikono haikai bure.

Ukitaka kuuchora mkao huo katika nyumba ya Lamu, usianze na msomaji. Wanaojifunza humkimbilia yeye na kitabu chake, halafu waliobaki wanatokea kama mito ya kochi. Anza na anayesikiliza. Anayesikiliza kweli hamtazami msomaji. Macho kayainamisha kwenye kazi yake, shingo imeelekea upande wa sauti. Anayeshona kofia ya viua huinua kitambaa karibu na jicho anapotafuta tundu, kisha hukishusha magotini. Subiri kishuke, ndipo uchore vidole. Uso utakuja baadaye, au usije kabisa.

Maana ruhusa ni lazima. "Shangazi, naomba nikuchore, uso nisiuweke?" Mara nyingi utapewa mgongo, mikono na leso, na hivyo vinatosha.

Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake unafuata boriti za mikoko, kama mita 3 hivi. Mwanga unaingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ukizidi kwenda ndani unafifia. Basi wapange kwa mstari mkekani, si kwa duara, msomaji awe wa kwanza kuupata mwanga. Alasiri ni saa nzuri. Taa ya umeme izime, inaua vivuli.

Mimi natumia karatasi ya kaki, penseli ya 2B na chaki nyeupe kidogo sana. Kaki yenyewe ni kivuli tayari. Chaki iguse ukurasa wa kitabu, ukingo wa leso, basi. Chini ya kiganja weka kipande cha karatasi, la sivyo jasho la kaskazi litakufutia kazi yote.

Kitabu ndicho kinachowaumbua wengi. Kama ni utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, kurasa zilizokwisha kusomwa ziko mkono wa kulia wa msomaji, zilizosalia ziko kushoto. Ukiwa umenakili mchoro wa Ulaya, upande mnene utauweka kinyume, na bibi yeyote wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, ataona hapohapo. Usiandike herufi. Kila ubeti ufanye mstari mmoja wenye vipande vinne vya kijivu, nafasi ndogo kati yake, na mwisho wa kushoto uwe umenyooka, kwani ndipo kina cha utenzi mzima kinapokaa.

Mchoro ukiisha usiubandike kwa selotepu wala kuutundika ukuta wa nje; mawe ya matumbawe yanavuta unyevu. Ulaze ndani ya faili, karatasi safi juu yake. Lakini kwanza mwonyeshe shangazi. Akisema pua hiyo yajulikana ni ya nani, ifute.