Wi-Fi ya Nyumbani Inakula Uniti Ngapi kwa Mwezi? Pima Mwenyewe

Nafunga intaneti majumbani hapa Dar es Salaam. Juzijuzi mpangaji mmoja alinipigia: mama mwenye nyumba anataka aongeze 10,000 kila mwezi kwenye mchango wa LUKU, kwa sababu "hayo madude yanawaka taa usiku kucha". Nikaenda, tukapima mama mwenyewe akishuhudia.

Hatua ya 1: Hesabu vyote vilivyochomekwa

Wengi huhesabu ruta peke yake. Kwenye faiba mara nyingi vipo viwili: kisanduku kinachopokea waya kutoka nje, na ruta. Kama umeweka kifaa cha kuongeza mawimbi chumba cha nyuma, hicho ni cha tatu.

Hatua ya 2: Soma adapta

Chomoa adapta uigeuze. Maandishi yake ni madogo mno. Mimi huyapiga picha kwa simu kisha naikuza. Mstari wa INPUT uache. Wapo wanaozidisha volti 240 kwa ampia 0.3, wanapata wati 72, wanazima Wi-Fi kwa hofu. Unaoutaka ni wa OUTPUT: zidisha volti kwa ampia.

Kwa mpangaji wetu, ruta iliandikwa 12V 1A, yaani wati 12. Kisanduku 12V 0.5A, yaani wati 6. Jumla 18.

Hizo 18 ni mwisho wa uwezo wa adapta, si kile vifaa vinachokula. Kipanya kimeandikwa abiria 15, lakini saa nane mchana kinapita na wanne. Ukiishia hapa, ujue umekadiria kwa juu.

Hatua ya 3: Iulize mita

Hapa ndipo penye kazi. Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake taa ikipepesa mara 1,000 (au 1,600), uniti moja imekwisha.

Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa vifaa vya intaneti. Kila kitu: friji, televisheni hata ile uliyoizima kwa rimoti, chaja za simu. Kwenye nyumba ya wapangaji hii ndiyo shughuli yenyewe. Sisi tulisubiri saa nne asubuhi, watu wako kazini, mama akapita mlango kwa mlango na waliokuwepo wakazima. Mmoja alikuwa anapiga pasi, ikabidi tumsubiri.

Kisha simama mbele ya mita. Taa ikipepesa, anza kuhesabu muda kwa simu. Ikipepesa tena, simamisha. Usikate tamaa mapema, mzigo ni mdogo kwa hiyo itachukua dakika kadhaa. Yetu ilichukua dakika 5 na sekunde 45, yaani sekunde 345, na mita ilikuwa ya 1,000.

Wati = 3,600,000 ÷ (namba ya mita × sekunde)

3,600,000 ÷ (1,000 × 345) = wati 10.4

Rudia mara mbili. Ikiwa muda unaruka sana, kuna kitu umesahau kukizima.

Mzigo wa wati tatu au nne mita nyingine haiuhisi kabisa. Hapo washa na taa moja ya chumba, pima, halafu chomoa vifaa upime taa peke yake. Tofauti ndiyo jibu. Na kama mita yako iko juu ya nguzo, usipande. Tafuta kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi; kinakusomea wati moja kwa moja.

Hatua ya 4: Geuza iwe uniti

Intaneti hailali, kwa hiyo zidisha kwa saa 24, kisha siku 30, gawanya kwa 1,000:

10.4 × 24 × 30 ÷ 1,000 = uniti 7.5 kwa mwezi

Kwa siku ni kama robo uniti. Birika la umeme la wati 2,000 linaimaliza hiyo kwa dakika saba na nusu.

Hatua ya 5: Geuza iwe shilingi

Nyumba ile iko T1, yaani kundi la bei ya matumizi ya kawaida, ambako uniti moja pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356. Basi 7.5 × 356 ni shilingi 2,670. Hata kwa wati zote 18 za adapta isingefika 5,000. Mama aliangalia kikokotoo, akakishika mwenyewe akarudia, akasema, "Haya, alete elfu tatu." Mpangaji hakubisha.

Walio D1, yaani kundi la bei nafuu la nyumba zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, wanalipa 100 kwa uniti, au kama 122 pamoja na kodi na tozo, kwa hiyo 915 tu. Lakini wao waangalie jingine: uniti 7.5 ni sehemu ya kumi ya zile 75 za bei nafuu. Mwenye nyumba anayegusa 75 kila mwezi, kuzima Wi-Fi kwa muda wa saa nane kila usiku kunamwokolea uniti 2.5 kwa mwezi, asivuke hizo 75. Wa T1 ataokoa kama shilingi 890.

Ukiwa na betri ya kushikilia ruta

Pima betri ikiwa imejaa, maana ikiwa inachaji wati zitapanda na hesabu itakudanganya. Na usidanganyike na namba ya mAh (ujazo wa betri) ya kwenye boksi. Betri ya 8,800 mAh huhesabiwa kwa volti 3.7: hizo ni kama wati-saa 32.5. Toa sehemu ya tano inayopotea kupandisha volti hadi 12, zinabaki 26. Kwa mzigo wa wati 10, umeme ukikatika utapata saa mbili na nusu, betri ikiwa mpya.