Utarajali wa kiangazi Marekani ukikaribia kuisha: ya kumaliza kabla hujarudisha kitambulisho

Agosti ikifika, watarajali wengi wa kwetu walioko Marekani huwaza mambo mawili, tiketi na zawadi za nyumbani. Hayo utayapanga tu. Kinachotaka akili ni zile wiki mbili za mwisho, ungali na barua pepe ya ofisi na bosi anakumbuka vizuri kazi uliyofanya. Ukishaondoka, jambo la dakika tano litakuchukua mwezi mzima wa kuandikiana.

Anza na tarehe zilizo kwenye karatasi zako. Aliyekuja kwa viza ya J-1 (ya programu za kubadilishana, ukiwamo utarajali) atazame DS-2019, hati aliyopewa na mdhamini, yaani shirika linalosimamia programu yake: inayohesabiwa ni tarehe ya mwisho iliyoandikwa pale, na baada yake ana siku 30 za kufungasha na kutembea. Katika siku hizo hakuna kazi, hata ya saa moja, na ukivuka mpaka kwenda Toronto kumsalimia shangazi, usitegemee kurudi kwa viza ileile. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, anayerudi chuoni habari yake ni nyingine. Kinachokwisha kwake ni idhini ya CPT (ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo kabla ya kuhitimu) iliyo kwenye I-20, hati anayopewa na chuo. Meneja akisema umalizie kazi Jumatatu ilhali idhini imeisha Ijumaa, kataa kwa upole. Mameneja wengi hawazijui sheria hizi, na atakayehojiwa siku ya kuomba viza tena ni wewe. Wakitaka uendelee kwa saa chache muhula ukianza, chuo kitoe idhini mpya kwanza. Na ule uvumi kwamba CPT ya kiangazi inakula OPT (ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako, ambayo wengi huitumia baada ya kuhitimu), upuuze: hilo hutokea ukifikisha miezi 12 ya CPT ya kutwa katika ngazi ileile ya masomo.

Sasa mazungumzo na bosi. Omba nusu saa kabla ya wiki ya mwisho, maana wiki yenyewe huliwa na mawasilisho na kuagana. Hapa malezi yetu hutuponza. Tumefunzwa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu, basi tukiulizwa tulichofanya tunajibu kwamba timu ilitusaidia sana. Ofisi ya Kimarekani huandika ulichosema, haikisii ulichonyamazia. Nenda na ukurasa mmoja: ulikuta nini, ulifanya nini, kilibadilika nini. Kisha uliza waziwazi kama wanaajiri watarajali wao wa zamani na uamuzi hutoka lini. Swali hilo halina aibu, wanalitarajia. Mtarajali wa J-1 ahakikishe pia kwamba tathmini ya mwisho imetiwa saini na pande zote mbili na kumfikia mdhamini wa programu, naye abaki na nakala.

Barua ya mapendekezo iombe sasa, hata kama huna pa kuipeleka. Andika namba binafsi za watu wawili watatu waliokufundisha kazi. Lakini usijitumie mafaili ya kampuni kwenye barua pepe yako binafsi. Unachotaka kuonyesha kwingine, omba ruhusa ya maandishi.

Nyumba: piga picha kila chumba siku ya kutoka, na mpe mwenye nyumba kwa maandishi anwani ya kukutumia dipoziti. California sheria inampa siku 21, New York siku 14. Kama ulipangishwa na mwanafunzi mwenzako aliyekuachia chumba chake kwa kiangazi, malizaneni kabla hujampa funguo.

Namba ya simu wengi huisahau. Benki hutuma msimbo wa kuingia kwenye akaunti kwa namba ya Marekani, na ukiwa Mwanza na laini imekufa, pesa zako utazisoma kwa mbali. Hamishia namba kwenye huduma ya bei nafuu kabla ya kuondoka, na usifunge akaunti ya benki mpaka mambo ya kodi yaishe.

Na kodi ndipo pesa zilipo. Mwajiri anatakiwa kukupa W-2, taarifa ya mshahara na kodi ya mwaka, ifikapo Januari 31, na wengi huiweka kwenye tovuti ya mishahara unayoingia kwa barua pepe ya ofisi, ile itakayofungwa siku unayoondoka. Badilisha leo, weka barua pepe yako binafsi, na pakua hati zote za mshahara.

Ukishazipakua, zisome. Mwanafunzi wa F-1 au J-1 ambaye kikodi bado si mkaazi (kwa wanafunzi wengi ni miaka mitano ya kwanza ya kalenda) hatakiwi kukatwa Social Security (ya pensheni) wala Medicare (ya bima ya afya). Makato hayo ni asilimia 6.2 na 1.45, kwenye mshahara wa dola 6,000 ni dola 459. Waajiri hukosea hapa mara nyingi kwa sababu mfumo wao unakuona kama mfanyakazi yeyote. Nenda kwa watu wa mishahara ungali ofisini, waonyeshe, waombe warudishe. Wakikataa, ndipo utajaza fomu 843 na 8316 na kuzipeleka mwenyewe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, safari ndefu kuliko kupanda ngazi hadi dawati lao.

Kodi ya mapato ni jambo jingine, hiyo hukatwa kihalali. Utajaza 1040-NR, fomu ya kodi ya asiye mkaazi, kufikia Aprili 15, hata ukiwa umesharudi Nairobi au Kigali, na majimbo mengi yana fomu yao pia. Programu nyingi zinazotangazwa kwa bei ya bure ni za wakaazi na zitakujazia 1040 ya kawaida. Uliza chuo au mdhamini wanatumia ipi. Wala usinakili fomu ya rafiki yako kutoka India. Nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani unaompa mwanafunzi punguzo ambalo Mkenya, Mtanzania au Mganda hana, kwa kuwa nchi zetu hazina mkataba huo.