Kuchagua Maikrofoni ya Studio ya Nyumbani kwa Bajeti Ndogo

Kabla ya kuulizia bei ya maikrofoni yoyote, ingia katika chumba unachokusudia kurekodia, nyamaza, urekodi ukimya huo kwa simu kwa dakika moja, kisha uusikilize kwa hedifoni. Feni, bodaboda zinazopita, jogoo wa jirani, televisheni ya sebuleni na mwangwi wa kuta tupu ndivyo vinavyopaswa kukuchagulia maiki, kuliko jina la kampuni au wingi wa sifa zilizoandikwa kwenye boksi.

Maikrofoni za kuimbia na kuzungumzia ziko hasa za aina mbili. Ya kondensa ina utando mwepisi sana unaonasa hata pumzi na mlio wa ulimi, na ndiyo inayoonekana katika studio kubwa, ambazo kuta zake zimetandikwa vifaa vya kunyonya sauti. Ya dainamiki utando wake umeshikana na koili ya waya ndani ya sumaku, kwa hiyo ni nzito zaidi kutikisika na haina wepesi huo. Katika chumba cha mabati kilicho karibu na barabara, upungufu huo unageuka kuwa faida, kwa kuwa mwimbaji huisogelea karibu na sauti yake ikafunika kelele za mbali. Kwa maoni yangu, mwenye chumba kisichotulia asihangaike na kondensa hata akipunguziwa bei.

Dainamiki nayo ina gharama yake. Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo bado imejaa majukwaani na makanisani, hutoa umeme wa takriban milivolti 1.85 pale ambapo Audio-Technica AT2020, ambayo ni kondensa ya bei ya wastani, hutoa milivolti 14 kwa sauti ya nguvu ileile. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara saba, na itabidi kadi ya sauti, yaani kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta, iifidie. Kadi dhaifu ikipandishwa hadi mwisho huanza kutoa mvumo wa “shhh” chini ya sauti yako. Kondensa kwa upande wake huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, hivyo hakikisha kadi ina swichi hiyo. Jihadhari pia na zile maiki za bei ya chini kabisa zenye umbo la kondensa ya studio lakini kebo yake inaishia kwa jeki kama ya earphone: zikichomekwa moja kwa moja kwenye laptopu, nyingi hutoa sauti hafifu yenye mvumo.

Asiye na kadi ya sauti anaweza kuanza na maiki ya USB, ingawa kurekodi watu wawili kwa maiki mbili za USB kwenye kompyuta moja ni usumbufu. Samson Q2U ni dainamiki yenye tundu la USB na la XLR, lile la pini tatu la kuunganishia kadi ya sauti, kwa hiyo ukinunua kadi baadaye hutalazimika kubadilisha maiki.

Usimalize fedha zote kwenye maiki. Bakiza za stendi, kebo na hedifoni. Kinga ya pumzi za “p” na “b” unaweza kuitengeneza kwa soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya. Maiki hizi tatu husikia zaidi mbele kuliko nyuma, basi elekeza mgongo wake kwenye dirisha lenye kelele, na nyuma ya mwimbaji tundika mablanketi mazito. Ukipunguza umbali wa mdomo na maiki kwa nusu, sauti yako hupanda kwa takriban desibeli 6 ilhali kelele za chumba zinabaki palepale, ila besi nayo huongezeka.

Dukani, omba kuijaribu kabla ya kulipa. SM58 halisi ina uzito wa gramu 298 bila kebo, na nyingi za bandia ni nyepesi kuliko hivyo, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni si kitu cha kuonea haya kwenda nacho.